UZI: "Wewe ni wa wapi hasa?" Mwanahabari anafaa kumuuliza mgombea nini kuhusu asili yake?

1/ Msimu wa siasa ukikaribia, mabishano ni yale yale. Mgombea anaulizwa kwenye runinga kuhusu kabila lake, ndoa yake, dini yake au mali yake. Nusu ya watu wanasema "ameonewa." Nusu nyingine wanasema "si ajibu tu, kwani anaficha nini?" Leo tufafanue. Kama kawaida hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/ Kwanza tuelewane: anayeomba kura anaomba kazi ya umma. Kuulizwa maswali magumu si kuonewa. Katiba ya 2010 yenyewe imeweka masharti. Kifungu cha 99 kinamfungia ubunge mtu aliyetangazwa mufilisi, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, au ambaye hajawa raia kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi. Gavana, kwa mujibu wa Sheria ya Uchaguzi, lazima awe na shahada. Rais lazima awe raia wa kuzaliwa.

3/ Kwa hivyo mwanahabari akiuliza "cheti chako kilitoka chuo gani na ulihitimu mwaka gani?" anafanya kazi yake. Akiuliza kuhusu kesi iliyo kortini, madeni, au zabuni ambazo kampuni ya familia ilipata serikalini, pia anafanya kazi yake. Hayo yote ni historia ya mtu, na mpiga kura anayahitaji.

4/ Sasa shida iko wapi? Tuseme kuna wagombea wawili wa ugavana, studio moja, kipindi kimoja. Mwanamume anaulizwa kuhusu madeni ya kaunti, dawa hospitalini na mishahara ya madaktari. Mwanamke anaulizwa: "Mama, wewe umeolewa kaunti jirani, mbona usigombee huko kwa mzee?" Kisha: "Na watoto unamwachia nani?" Dakika zimeisha. Watazamaji wanalala bila kujua mpango wake wa hospitali ni upi.

5/ Hilo la "ameolewa wapi" tulichukulie kwa uzito. Mwanamke akigombea alikozaliwa anaambiwa aende kwa mume. Akigombea kwa mume anaambiwa yeye ni mgeni. Anafungiwa milango yote miwili! Katiba kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hali ya ndoa, kabila, dini, ulemavu, hata mavazi na lugha. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Mtangazaji akiuliza swali hilo kama jambo la kawaida, anasaidia kufunga milango hiyo.

6/ Halafu kuna "wewe ni wa wapi hasa?" Wakenya wa asili ya Kisomali na Wanubi wanalijua vizuri swali hili. Kwa miaka mingi wamepigwa msasa wa ziada ili tu wapate kitambulisho, huku jirani yao akipata chake bila maswali mengi. Uraia ni sharti halali, sawa. Lakini ni sharti la kila mgombea. Ukimuuliza mmoja tu kwa sababu ya jina lake au sura yake, hapo hauchunguzi uraia. Unawaambia watazamaji wamshuku.

7/ Jihadhari pia na swali la "watu wanasema..." Watu gani? Wapi? "Watu wanasema wewe si wa jamii hii." "Watu wanasema pesa zako ni za uchawi." Mtangazaji amepitisha uvumi hewani bila kuuthibitisha, na hata mgombea akikana, kesho mazungumzo sokoni ni uvumi ule ule. Kama kuna ushahidi, sema: hati hii, tarehe hii, korti hii. Kama hakuna, swali hilo halijaiva.

8/ Mtu atasema "aah, ni maswali tu." Hapana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo iliangalia pia mchango wa vyombo vya habari, hasa redio za lugha za mama, katika kuchochea chuki. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Lugha ya "wenyeji" na "wageni" ina historia hapa kwetu, na yeyote anayeshika maikrofoni anafaa kuijua.

9/ Basi utajuaje swali ni la haki? Jiulize mambo matatu:
– Je, jibu litamwambia mpiga kura lolote kuhusu kazi inayoombwa?
– Je, mpinzani wake ataulizwa vivyo hivyo?
– Je, kuna ushahidi, au ni fununu?
Swali likianguka yote matatu, hata kama mtangazaji anatabasamu, hilo ni ubaguzi.

10/ Angalia jinsi mada ile ile inavyoweza kuulizwa kwa njia mbili. Mbaya: "Wewe ni wa kabila kubwa hapa, si utawapa watu wenu kazi zote?" Nzuri: "Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kwanza ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Utahakikisha vipi?" Swali la pili bado linahusu ukabila, tena ni gumu zaidi, kwa sababu hauwezi kulijibu kwa kuchekacheka. Na unaweza kumuuliza kila mgombea.

11/ Upande wa pili wa shilingi. Kuna mgombea akiulizwa kuhusu cheti au pesa za umma, anaruka: "Mnanilenga kwa sababu ya jamii yangu!" Mara mtangazaji anaogopa, anabadilisha mada. Hilo pia ni kosa. Kabila halifai kuwa sababu ya kumshambulia mtu, na halifai kuwa blanketi la kujifunika. Mwanahabari mzuri atasema kwa upole: "Mheshimiwa, sijauliza kuhusu jamii yako. Nimeuliza kuhusu hati hii." Kisha anangoja jibu.

12/ Na kuna ubaguzi wa kimya ambao hatuuongelei sana: kumlegezea mgombea kwa sababu ni "mtu wetu." Stesheni inamkaribisha, inampigia wimbo, inamuuliza alivyopenda shule akiwa mdogo, basi. Hakuna aliyetukanwa, lakini msikilizaji amenyimwa habari. Mara nyingi anayeumia ni mtu wa jamii hiyo hiyo, kwa sababu ndiye atakayeongozwa na huyo asiyeulizwa chochote.

13/ Na maisha ya faragha? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda habari za familia na mambo binafsi zisitolewe bila sababu. Talaka, kutozaa, ugonjwa wa mtoto: hayo ni ya nyumbani. Lakini kama kaka yake mgombea alipewa zabuni ya serikali, hiyo si ya nyumbani tena. Mpaka unapita pale ambapo pesa au mamlaka ya umma yanapoingia.

14/ "Si mnataka kuwafunga midomo wanahabari?" La hasha. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na ni vizuri kiwe hivyo. Serikali haifai kuamua maswali ya studio. Lakini uhuru huo unaenda pamoja na maadili ya kazi: usahihi, usawa, na kumpa anayetuhumiwa nafasi ya kujibu. Chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 kuna Tume ya Malalamishi. Mwananchi wa kawaida anaweza kupeleka lalamishi huko, si lazima uwe mheshimiwa.

15/ Wewe na mimi je? Kabla hujasambaza klipu ya sekunde 20, tafuta mahojiano yote. Mara nyingine swali limekatwa na limebaki jibu tu. Mara nyingine mtangazaji alikuwa sahihi, na wafuasi wa mgombea ndio wanapiga kelele ili tusahau alichoshindwa kujibu.

16/ Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mahojiano yatakuwa mengi. Ukisikiliza, hesabu: mgombea huyu ameulizwa maswali mangapi kuhusu kazi, na mangapi kuhusu alikozaliwa, alikoolewa au anakosali? Kisha mhesabie mpinzani wake vivyo hivyo. Ukiona tofauti kubwa, iandike hapa chini, bila majina tafadhali, tuijadili pamoja.