Piga makasia bila ziwa

Je, unatamani mashine ya kupigia makasia, ile ya kukaa na kuvuta, ujenge mwili nyumbani? Bei yake si ya mwanafunzi. Lakini usikate tamaa! Tunduma ni mji wa malori na bodaboda: kwa fundi pancha hukosi tyubu kuukuu.

Kama ndiyo kwanza unaanza, chagua ya baiskeli. Ya pikipiki ni ngumu kuvuta. Kata na utupe kipande chenye chuma cha kujazia upepo, kisha osha tyubu kwa sabuni. Yenye ufa au kiraka usiichukue: ikikatika itakuchapa usoni. Tafuta pia mkeka wa kukalia, na uvae raba.

Kaa, kunja magoti kidogo, pitisha tyubu katikati ya nyayo, siyo kwenye vidole. Vuta ncha zote mbili mpaka mbavuni, mgongo wima, halafu rudisha polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia.

Kwenye mashine, nguvu nyingi hutoka miguuni. Tyubu hukaza zaidi mikono na mgongo, kwa hiyo malizia kwa kuruka kamba.

Mgongo ukiuma, acha. Ukiendelea kuuma, nenda zahanati, usione haya. Mwili hauna spea!