Mtihani wa uwezo katika udahili wa udaktari

Mtihani wa uwezo ni mtihani unaopima jinsi mwombaji anavyofikiri kuliko masomo aliyofundishwa. Nchini Uingereza, vyuo vingi vya udaktari hutumia mtihani wa UCAT, ulioanza mwaka 2006 kwa jina la UKCAT. Nchini Tanzania, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wahitimu wa sekondari huchaguliwa hasa kwa matokeo ya kidato cha sita katika fizikia, kemia na biolojia.

Watetezi husema matokeo hayo hutegemea sana walimu na maabara. Kijana hodari wa kijijini, tuseme Chwaka, mashariki mwa Unguja, angepata njia nyingine ya kuonyesha uwezo wake. Wapinzani hujibu kwamba UCAT nayo hulipiwa, hufanywa kwa kompyuta, na wenye fedha hununua mafunzo ya kujiandaa. Hivyo mtihani huo peke yake hauondoi tofauti kati ya shule na shule.