Orkestra Huanzia Chumbani

Katika orkestra ya nyuzi, kosa la safu moja hulipiwa na wote. Kondakta akisimamisha mazoezi ya Jumamosi kwa sababu fidla za pili hazijui nota zao, wapiga viola, selo na besi wanabaki kuzitazama pinde zao. Anaanza tena, anasimamisha tena. Saa mbili zinayoyoma hivyo, na muziki wenyewe bado haujaguswa.

Ninaamini kwa dhati kwamba nota hujifunzwa nyumbani, na mazoezi ya pamoja ni ya kusikilizana. Aliyekuja bila kuzijua nota zake hana sikio la kumsikia jirani yake: macho yote yamo karatasini, akili yote imo kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Mtu huyo hata akifika mapema na kuondoka wa mwisho, kwenye orkestra bado hayupo.

Chukua kazi ambayo orkestra nyingi za wanafunzi huipitia, Eine kleine Nachtmusik ya Mozart, aliyoikamilisha Vienna tarehe 10 Agosti 1787. Vipimo vinne vya mwanzo havimsumbui mtu, maana wote hupiga sauti moja. (Kipimo ni lile fungu la mapigo lililo kati ya mstari wa wima na mwenzake.) Baada ya hapo fidla za kwanza huchukua wimbo, na fidla za pili huachiwa nota fupi za kasi zinazojirudiarudia chini yake. Akiwa nyumbani, mpigaji wa fidla ya pili huitazama sehemu hiyo na kuona haina la kujifunza. Anairuka, pengine anajifurahisha kwa kupiga wimbo wa wenzake. Kumbe kazi yake iko papo hapo. Nota hizo ndizo zinazoushikilia mwendo; zikikimbia, orkestra nzima inakimbia nazo. Zinataka kipande kidogo tu cha upinde, mkono wa kulia uliolegea, metronomu, hata ile ya simu, na sauti ya chini kuliko ile tunayoipenda tukiwa peke yetu. Wengi wetu tunafanya mazoezi kana kwamba sisi ndio waimbaji wakuu, tukifika kwenye safu tunaambiwa tupunguze sauti, na mkono haujui namna, kwa sababu kupiga kwa sauti ndogo na safi ni ufundi wa peke yake na haukufanyiwa kazi.

Mwaka 2009 Robert Duke wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambao kila mpigaji angefaa kuujua. Wanafunzi 17 wa piano walipewa kifungu kifupi cha konseto ya Shostakovich wajifunze, kisha kesho yake wakapimwa. Muda waliotumia haukueleza nani angepiga vizuri, wala idadi ya marudio. Waliotia fora walikosea kama wenzao. Tofauti yao ni kwamba walilishika kosa pale pale lilipotokea, wakapunguza mwendo, wakalitengeneza hadi likatengenea, ndipo wakaendelea.

Sasa linganisha na desturi yetu. Tunaanza juu ya ukurasa, tunajikwaa kipimo cha 20, tunarudi juu, tunajikwaa tena pale pale. Baada ya saa nzima, vipimo 19 vya mwanzo vinang'aa, na kidole kimefundishwa kukosea cha 20 bila kusita.

Dawa ni kukipunguza kipande hadi kibaki kidogo kabisa: nota iliyokushinda na ile iliyoitangulia, basi. Mara nyingi utagundua kwamba tatizo ni mkono kuhama nafasi, au upinde kuvuka kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Itenganishe mikono. Kwanza donoa nyuzi kwa kidole, bila upinde, hadi mkono wa kushoto ujue njia. Kisha uache mkono huo upumzike, upige mpangilio uleule wa upinde kwenye nyuzi tupu. Inasikika vibaya, lakini ndiko matatizo mengi yaliko. Mikono yote ikishaelewa, iunganishe polepole, na ongeza kipimo cha mbele na cha nyuma.

Kabla ya hayo yote, nakili alama za upinde kutoka kwa kiongozi wa safu yako. Anayefanya mazoezi wiki nzima upinde ukipanda mahali ambapo safu inashuka atalazimika kufuta alichojifunza mbele ya wenzake.

Na kuimba. Hili nalisisitiza kwa sababu shuleni hupuuzwa. Fidla haina vituo vya vidole kama gitaa. Kidole hutua pale sikio linapokiamuru, na sikio lisiloujua wimbo haliamuru kitu. Zanzibar wanalijua hili siku nyingi. Katika vikundi vya taarabu, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, wimbo umepokewa kwa sikio kizazi hadi kizazi, na fidla zikimjibu mwimbaji zinajibu kwa kauli moja. Anayesoma nota anaweza kuazima desturi hiyo: aimbe sehemu yake, hata kwa sauti ya kukwaruza, kabla hajagusa chombo.

Mapumziko nayo hufanyiwa mazoezi. Mpiga besi mwenye vipimo kumi vya kukaa kimya asivipite nyumbani; avihesabu kwa sauti huku rekodi ikicheza, na ajue ni ala gani inasikika kabla yake. Tumia rekodi hiyo hiyo kujifunza kupotea na kurudi. Piga nayo kwa mwendo kamili bila kusimama hata ukikosea. Zikikuzidi nota, acha nne, shika pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Peke yako unasimama kutengeneza; pamoja na wengine husimami. Yafanye yote mawili, lakini usiyachanganye.

Nusu saa kila siku ina faida kuliko saa tatu za Ijumaa usiku, na majirani watakuvumilia zaidi, hasa ukiweka kizuia sauti cha mpira kwenye daraja la fidla. Usikitumie kila mara, kwa kuwa kinaficha sauti mbaya pia.

Weka penseli kwenye stendi. Palipokushinda hadi siku ya mwisho, pazungushie duara, na uandike pembeni swali la kumuuliza kiongozi wa safu kabla kondakta hajafika: hapa tunahamia nafasi ya tatu, au tunabaki ya kwanza na kuvuka uzi?