Kuziba mizizi ya jino: Njia ipi ni bora?

Ndugu msomaji, jino likioza hadi kwenye kiini, wengi wetu huwa na uamuzi mmoja tu: ling'olewe. Mara nyingi jino hilo bado linaweza kuokolewa. Daktari hutoa kiini kilichoharibika, husafisha mifereji iliyomo ndani ya mizizi, kisha huiziba ili vijidudu visipate pa kukaa.

Kinachotumika sana kuziba ni gataperka, ambayo asili yake ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Hutengenezwa kama vijiti vyembamba vilivyochongoka, na huwekwa pamoja na saruji maalumu inayojaza nafasi zilizobaki. Njia kuu ni tatu:

1. Kushindilia bila joto. Daktari huweka kijiti kikuu, halafu huongeza vijiti vidogo pembeni yake, kimoja baada ya kingine, hadi mfereji ujae. Haihitaji mashine, na ni rahisi kuhakikisha kijiti hakipiti ncha ya mzizi. Hata hivyo huchukua muda, na nguvu ikizidi mzizi unaweza kupata ufa.

2. Kushindilia kwa joto. Njia hii ilielezwa na Herbert Schilder wa Marekani mwaka 1967. Gataperka hulainishwa kwa joto na kushindiliwa kuelekea ncha ya mzizi, hivyo huingia hata kwenye vichochoro vidogo. Vifaa vyake ni ghali.

3. Kijiti kimoja na saruji ya kisasa ya kalsiamu silikati. Ni njia ya haraka, lakini saruji hiyo ikishakuwa ngumu, kuitoa ni kazi endapo jino litahitaji kutibiwa upya.

Je, ipi ni bora? Mwaka 2007 ulichapishwa uchambuzi uliojumuisha tafiti 10 zilizolinganisha njia mbili za kwanza. Haukuonyesha tofauti ya maana katika maumivu baada ya tiba wala katika matokeo ya muda mrefu. Tofauti iliyoonekana ni kwamba kwa njia ya joto, gataperka ilielekea zaidi kupita ncha ya mzizi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usihangaike sana na jina la njia. Mfereji ukiachwa na uchafu, hakuna namna ya kuziba itakayoponya. Muulize daktari wako mambo haya: Je, jino litazungushiwa mpira mwembamba ili mate yasiingie? Je, mifereji itaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu? Je, picha ya eksirei itapigwa kabla na baada ya kuziba? Na je, jino litafunikwa lini kwa juu? Gego lililotibiwa mizizi mara nyingi huhitaji kuvishwa kofia, kwani hupasuka kwa urahisi.

Hapo kwenye kufunika ndipo wengi hukosea. Maumivu yakishatulia baada ya ziara ya kwanza, mgonjwa harudi tena kliniki. Kutulia huko si kupona. Kiini chenye neva kimetolewa, ndiyo maana jino haliumi. Kizibo cha muda kikichakaa, mate na vijidudu hupenya hadi kwenye mizizi, na usaha unaweza kujikusanya kwenye taya kimyakimya. Ukianza tiba hii, imalize, la sivyo jino ulilotaka kuliokoa litaishia kung'olewa.