Wapenzi wa Mchezo na Siri za Kifaru

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kumwona mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akibishana juu ya timu ya mpira hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mabishano ya namna hiyo ndiyo yaliyoisumbua Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mwezi Julai mwaka 2021. Hayakuwa juu ya mpira, yalikuwa juu ya kifaru.

Upo mchezo wa kompyuta uitwao War Thunder, uliotungwa na kampuni ya Gaijin Entertainment, iliyoanzishwa Moscow mwaka 2002 na ambayo sasa makao yake yako Budapest katika nchi ya Hungaria. Humo wachezaji wa pembe zote za dunia huendesha vifaru, ndege na meli za kivita, na sifa kubwa ya mchezo ni kwamba kila chombo kimefuatishwa kwa karibu na kile cha kweli. Wapenzi wake wana baraza lao katika intaneti, na kazi yao kubwa barazani ni kukosoa. Huyu atasema chuma cha mbele cha kifaru fulani ni chembamba kuliko inavyostahili, na yule atasema mzinga wa kingine wazunguka kwa uvivu. Anayetaka kampuni irekebishe kasoro hana budi kuleta ushahidi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mkuu wa kifaru cha Challenger 2 katika jeshi la Uingereza aliona kifaru chake hakikutendewa haki mchezoni. Alipochoka kubishana kwa maneno matupu, aliweka barazani kurasa za kitabu cha maelezo cha jeshi lake. Wasimamizi wa baraza wakaziona na kuziondoa, kisha kampuni ikaiuliza Wizara ya Ulinzi kama hati zile zilikwisha kutolewa katika orodha ya siri. Jibu lilikuwa kwamba bado ni siri. Wachezaji wakatangaziwa kwamba kuzitawanya ni kuvunja sheria ya siri za serikali ya Uingereza, na kwamba adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14.

Ungedhani somo limeeleweka. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2021, mtu aliyedai kuwa mwanajeshi wa vifaru vya Leclerc vya Ufaransa akafanya vile vile, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kasi ya kuzunguka kwa mzinga. Mwaka 2022 zikatokea picha na maelezo ya kombora la kifaru cha Kichina. Januari 2023 zikafuata hati za ndege za Kimarekani za F-16 na F-15E. Kila mara kampuni hufuta, humfungia mhusika mlango wa baraza, na kurudia tangazo lake kwamba haitumii hati zisizoruhusiwa katika kutengeneza mchezo.

Lililonishangaza mimi, niliyewahi kushika chaki, ni kwamba katika mikasa hiyo hasikiki mtu aliyelipwa hata senti moja. Hakuna jasusi aliyeleta mfuko wa fedha usiku, wala mwanamke mrembo hotelini kama tuonavyo katika filamu. Kila mwalimu anamjua mtoto anayejua jibu: mkono wake hautulii, atainuka mpaka asimame juu ya dawati, na usipomwita atalitamka jibu bila kuitwa. Mtoto huyo hukua akavaa sare. Ukimwambia mbele za watu kwamba hajui chombo anachokifanyia kazi kila siku, umemchokoza mahali panapouma.

KWA NINI MAKAMPUNI HUFICHA

Kwa askari, sababu ya kuficha haihitaji maelezo. Lakini makampuni yanayotengeneza kompyuta na simu nayo hulinda siri zao kwa ukali unaokaribia ule wa kambini, na yafaa tueleze kwa nini.

Mwaka 1983 kampuni ya Kimarekani ya Osborne, iliyouza kompyuta za kubebeka, ilianza kuzitangaza mashine zake zijazo kabla hazijawa tayari. Wanunuzi wakasema, basi na tungoje hizo mpya. Zilizokuwa ghalani zikakosa wa kuzichukua, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni ikaomba mahakamani itambuliwe kuwa imefilisika. Wako wanaosema ilikuwa na maradhi mengine pia, lakini wafanyabiashara wa kompyuta waliikariri hadithi hiyo kama watoto wakaririvyo jedwali la kuzidisha.

Apple ndiyo iliyoishika zaidi. Desturi ya mwanzilishi wake, Steve Jobs, ilikuwa kupanda jukwaani na kuonyesha kitu ambacho ulimwengu haujakiona. Sasa, kampuni hiyo ina wapenzi wanaoishabikia kama timu, na mpenzi hana subira. Novemba 2004 magazeti mawili ya wapenzi katika intaneti yalichapisha habari za chombo kilichopewa jina la siri la Asteroid, cha kuunganisha gitaa na kompyuta. Apple ilikwenda mahakamani mwezi uliofuata katika jimbo la Kalifornia, ikiwashtaki watu wasiojulikana majina, na ikataka kampuni iliyohifadhi barua za mmoja wa wachapishaji izitoe ili mvujishaji ajulikane.

Machi 2005 jaji aliipa Apple haki hiyo. Wachapishaji wakakata rufani, na tarehe 26 Mei 2006 mahakama ya rufani ikatengua uamuzi. Majaji walisema kwamba sheria ya jimbo inayowalinda waandishi wasilazimishwe kuwataja waliowapa habari inawahusu pia wanaochapisha katika intaneti, na kwamba sheria ya taifa inakataza mhifadhi wa barua kuzitoa kwa njia ile. Kwa hiyo mvujishaji hakupatikana kwa mlango huo.

Kijana Nicholas Ciarelli hakuwa na bahati iliyokamilika kama hiyo. Alianza gazeti lake, Think Secret, mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 13, akijificha nyuma ya jina la bandia. Alipokwisha kuingia Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kwamba Apple ingeleta kompyuta ndogo ya bei nafuu. Januari 2005 kampuni ikamshtaki, na siku chache baadaye kompyuta hiyo ikazinduliwa kweli. Shauri liliburutwa hadi Desemba 2007, pande mbili zikapatana: gazeti lifungwe, na waliompa habari wasitajwe. Tafakari, ndugu msomaji, kijana anashtakiwa kwa sababu alisema kweli, na ukweli wake wathibitishwa na yule yule aliyemshtaki.

SIMU ILIYOSAHAULIWA BAA

Wenzetu wa polisi watapenda kisa cha mwaka 2010. Mwezi Machi mhandisi mmoja wa Apple aliisahau katika baa ya mji wa Redwood City simu ya majaribio ya iPhone 4, iliyovalishwa ganda la simu ya zamani ili isitambulike. Aliyeiokota hakuirudisha. Gazeti la intaneti la Gizmodo likainunua kwa dola 5,000, likaifungua, na tarehe 19 Aprili likaonyesha kila kilichokuwamo.

Siku nne baadaye polisi wenye hati ya upekuzi walivunja mlango wa nyumba ya mwandishi aliyehusika, mwenyewe akiwa ametoka, wakachukua kompyuta zake. Mara yakazuka maswali ya sheria: je, vyombo vya mwandishi vyaweza kuchukuliwa kwa hati ya upekuzi katika jimbo linalowalinda waandishi? Julai mwaka huo huo mwendesha mashtaka akaiondoa hati hiyo, na vitu vikarudishwa. Waandishi hawakushtakiwa. Watu wawili waliohusika na kuokota na kuuza simu walihukumiwa mwaka 2011 kwa kutwaa mali iliyopotea: muda wa uangalizi, saa 40 za kutumikia jamii, na fidia ya dola 250 kila mmoja. Simu yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa mamilioni. Yafaa mpelelezi akumbuke kwamba siku nne za haraka zilizaa miezi mitatu ya kurudi nyuma.

MITEGO

Makampuni yamejifunza kwamba mahakama ni njia ndefu, kwa hiyo huweka mitego. Mtego wa kale kuliko yote ni kutoa waraka mmoja kwa watu wengi, kila nakala ikiwa na tofauti ndogo: neno moja, tarakimu moja, koma moja. Nakala ikitokea barazani, tofauti yake humtaja mwenyewe. Elon Musk alieleza mwaka 2022 kwamba katika kampuni ya Tesla aliwahi kuwapelekea wafanyakazi barua iliyoonekana moja, kumbe kila nakala ilikuwa na mpangilio wake wa nafasi baina ya sentensi, mahali nafasi moja na mahali mbili. Mvujishaji akanaswa kwa nafasi tupu.

Aidha, Apple iliajiri katika kikosi chake cha ulinzi watu waliotoka katika shirika la upelelezi la FBI na katika jeshi la Marekani. Mwaka 2018 iliwaandikia wafanyakazi waraka mkali. Ulisema kwamba mwaka 2017 walinaswa wavujishaji 29, na kati yao 12 walitiwa mbaroni. Ulionya pia kwamba wako wanaofanyiwa urafiki katika mitandao na waandishi na wapenzi kwa kusudi la kuchotwa habari. Waraka huo wa kuonya juu ya kuvujisha ukavuja, ukachapishwa Aprili mwaka huo huo. Mimi niliyeona katika ofisi moja orodha ya uhamisho ikijulikana kwa muuza chai kabla haijatiwa sahihi, sikustaajabu sana.

PALE AMBAPO HAPAKUWA NA MLINZI

Mabaraza niliyoyataja yana wasimamizi. Vipo vijiwe vingine ambavyo macho ya kampuni hayafiki upesi. Kijana wa Kimarekani, Jack Teixeira, alikuwa askari wa kikosi cha akiba cha anga katika jimbo la Massachusetts, fundi wa mitambo ya mawasiliano. Jioni alikutana na marafiki, wengi wao vijana wadogo, katika chumba cha faragha cha mtandao wa Discord, wakizungumza michezo na bunduki. Humo alimimina hati za siri kubwa, zikiwamo za vita vya Ukraine. Kwa miezi mingi hakuna mkubwa aliyejua, mpaka hati zikatoka nje ya chumba na kusambaa. Alikamatwa tarehe 13 Aprili 2023 akiwa na miaka 21, akakiri makosa mwezi Machi mwaka uliofuata, na Novemba 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mama yake alimlea, nchi ikamwamini, na yeye alitaka tu wenzake wamwone kuwa ni mtu anayejua mambo.

Wala si lazima mtu aseme neno. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake huwapimia watu mbio na mazoezi, ilitoa ramani ya dunia inayong'aa mahali watu walipokimbia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akagundua kwamba katika majangwa ya Syria na Afghanistan, ambako kulipasa kuwa giza, palikuwa na vijimstari vinavyong'aa. Walikuwa askari wakizunguka kambi zao asubuhi, saa za mazoezi mikononi. Mwezi Agosti jeshi la Marekani likapiga marufuku vyombo hivyo vionyeshavyo mahali katika maeneo ya operesheni.

KATIKA NYUMBA ZETU

Mama aliyeko nyumba za askari atauliza, haya yananihusu nini mimi nisiye na kifaru? Tuseme mume ameagwa alfajiri. Mtoto wa miaka 14 anapiga picha baba akipanda lori, anaituma kwa marafiki pamoja na maneno ya kumtakia heri na tarehe ya kurudi. Nyuma ya baba yaonekana namba ya lori, na alama ya kikosi begani. Mtoto amefanya kwa mapenzi, kama yule wa kifaru alivyofanya kwa fahari.

Basi jioni hii chukua simu ya nyumbani, ukae na watoto. Fungua mipangilio yake, utafute sehemu inayohusu mahali, na utazame kamera na programu zipi zimeruhusiwa kujua mlipo. Zile zisizohitaji, zizime. Picha zilizokwisha kutumwa zenye sare, lango la kambi au namba za magari, zifuteni pamoja, na mtoto aelezwe kwa upole sababu yake bila kuchapwa, kwa kuwa mtoto aliyechapwa ataficha simu na picha zitaendelea. Kama baba yuko safarini, mkubaliane neno moja la kuwajibu jirani na marafiki wa mtandaoni wanaouliza atarudi lini. Katika nyumba moja ninayoijua huwajibu, "Akimaliza kazi." Jirani wamelizoea jibu hilo, na hakuna aliyenuna.