Kufundisha Mikono Kuokoa Uhai

Moyo unaposimama ghafla, ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu kwa kukosa oksijeni. Katika muda huo daktari hana nafasi ya kufungua daftari.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa katikati, kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kuachwa kiinuke kabisa kila mara. Baada ya mikandamizo 30 hupulizwa pumzi 2. Mwanafunzi wa udaktari aweza kuyakariri hayo jioni moja na kuyaandika bila kosa katika mtihani, na bado mikono yake isijue sentimeta 5 ni nguvu kiasi gani.

Ukandamizaji huo ulielezwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, Marekani. Mwaka huo huo Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa wanasesere huko Stavanger, Norwei, alitoa sanamu ya kufanyia mazoezi. Haja ilikuwa kubwa, kwani kumkandamiza hivyo mwenzako aliye mzima kwaweza kumdhuru.

Lakini sanamu haifundishi. Mwaka 1998 daktari mpasuaji Rodney Peyton alieleza hatua nne. Kwanza mwalimu hutenda kimya, kwa kasi ya kawaida. Kisha hurudia polepole akieleza. Mara ya tatu hutenda tena, ila mwanafunzi ndiye amwelekezaye kwa maneno. Mwishowe mwanafunzi hutenda mwenyewe huku akisema. Kwa maoni yangu hatua ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ingawa walimu wenye haraka huiruka: hapo kosa husikika likiwa bado fikra, kabla halijawa mazoea ya mikono.

Hata aliyefundishwa vema husahau. Ustadi huu huanza kufifia baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo mazoezi mafupi ya mara kwa mara hufaa kuliko siku moja ndefu kwa mwaka.

Pasipo na sanamu, mfuko ulioshindiliwa nguo na saa ya mkononi vyatosha kufundishia kasi: katika nusu dakika mwanafunzi ahesabu mikandamizo 50 hadi 60. Kina hakipimiki hivyo. Kwa hilo yahitajika sanamu yenye kipimo, maana jicho la mwalimu, hata mzoefu, hudanganyika.