Chombo cha Pili: Mashua Kabla ya Jahazi



Chini ya kitanda chetu hapa Eldoret mna katoni yenye jahazi dogo la mti ambalo halijamalizika kwa miaka kumi na mmoja. Lina mkuku, mataruma tisa na mbao kadhaa za ubavuni, na hapo ndipo tulipokwama. Limejipinda hata kila aliyeliona alidhani limekanyagwa. Tunaanza na aibu yetu hii kwa sababu likizo imefika, na baadhi ya wazazi wametuuliza kuhusu watoto wao ambao tayari wameunda chombo kimoja cha kuchezea na sasa wanatamani kingine kigumu zaidi. Waunde kipi?

Huenda swali hili likaonekana la ajabu katika mji ulioinuka mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye Mto Sosiani tu, na ulio mbali na Mombasa kwa takriban kilomita 800 za barabara. Majirani hutuuliza kwa mzaha chombo chetu kitapita wapi. Nasi huwakumbusha kwamba Nabii Nuhu (a.s.) naye alichekwa na watu wake alipokuwa akiunda chake. Lakini jibu letu hasa ni jingine. Mtoto wa Kipwani anayekulia huku bara hulijua neno "boti" na basi. Omo, tezi, foromali na demani hayajapata kupita masikioni mwake, maana nyumbani hamna kitu cha kuitwa hivyo. Akiunda chombo kwa mikono yake, kila kipande humlazimu kuuliza jina lake.

Binti yetu wa miaka kumi na mitano aliunda ngalawa mwaka jana. Ngalawa ni chombo chema cha kuanzia: alichonga kipande kimoja cha mti laini, akakifunga matengo mawili, na kikaelea katika karai la kufulia. Mwaka huu alitaka mtepe, kwa kuwa aliuona mfano wake katika Makumbusho ya Lamu tulipokwenda kuwazuru jamaa zetu. Hatukumlaumu. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, na omo yake iliinuka mithili ya shingo ya ngamia. Lakini kuushona kunahitaji matundu madogo mengi mno yaliyolingana, na tundu moja likipasuka, ubao mzima huharibika. Fauka ya hayo, mitepe ilikwisha kutoweka baharini kabla ya sisi kuzaliwa. Anayeunda mtepe leo hana mzee aliyeushona wa kumpigia simu.

Sisi kwa upande wetu tulimshawishi aunde jahazi. Tulimtajia ukubwa wake, heshima yake na safari zake za biashara. Ukweli ni kwamba tulitaka mtu wa kutumalizia lile la katoni. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Baba, lile lako lilikwama kwa nini?"

Ilitubidi tufikiri kabla ya kumjibu. Tulikuwa tumetoka kwenye ngalawa tukarukia jahazi moja kwa moja, tukajitwisha mambo mapya matano kwa pamoja: kupanga mataruma, kukunja mbao, kulaza sitaha, kuunda tezi pana na kufunga kamba zote za tanga. Na lilikuwapo jambo jingine zito zaidi. Wakati ule ami yetu alikuwa hai, fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu. Hatukumuuliza hata neno moja. Tulitaka tumwonyeshe jahazi lililokamilika ili ashangae. Alifariki kabla hatujapata la kumwonyesha.

Baada ya mazungumzo hayo sote wawili tuliafikiana juu ya mashua. Mashua ina mataruma na tezi ya bapa kama jahazi, na tanga lake ni la pembe tatu vilevile. Ila ni ndogo, iko wazi, na haina sitaha nzima ya kumsumbua mwanafunzi. Mambo mapya hubaki mawili makubwa, mataruma na mbao, nayo yakishawezekana, jahazi halitishi tena. Tazameni pia nafasi ya nyumbani. Tukichukua kipimo cha moja kwa ishirini, mashua ya mita 8 huwa na sentimita 40, nayo hukaa juu ya kabati. Jahazi la mita 16 lingekuwa na sentimita 80, na mama wa nyumba angekuwa na haki ya kulalamika.

Vifaa havihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi seremala alitupasulia mbao za saiprasi zenye unene wa milimita 2, na mataruma tukayakata kwenye plaiwudi. Ubao huloweshwa katika maji ya moto kwa robo saa, ukakunjwa taratibu kwenye tumbo la sufuria yenye moto, kisha ukabanwa kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Kisu na sufuria ya moto visiachiwe mtoto peke yake. Tanga ni kitambaa cha marekani, na nyanya yake ndiye aliyemfundisha kukishona upindo.

Kabla ya ubao wa kwanza, binti alimpigia simu mdogo wa marehemu ami yetu, ambaye naye alikuwa fundi na sasa macho yake hayaoni vyema. Alimwamkia, akamweleza kazi yake, kisha akamsimulia habari za katoni yetu. Mzee alinyamaza kidogo, akauliza, "Baba yako alimaliza upande mmoja kwanza?"

Ndivyo tulivyofanya. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, ukiweka ubao wa kulia, siku hiyohiyo mwekee mwenziwe wa kushoto. Ukiujaza upande mmoja, mbao zitauvuta mkuku nao utapinda." Jambo lililotushinda kwa miaka kumi na mmoja lilielezwa kwa muda usiofika dakika moja, na ami yetu bila shaka alilijua.

Sasa mashua ina mbao sita, tatu kila upande, na mkuku wake umenyooka. Kila Ijumaa baada ya Alasiri binti humpigia babu yake, naye humtajia majina ya vipande vya juma lijalo.

Kwa hivyo, wazazi wenzetu, mtoto aliyekwisha kuunda ngalawa mchagulieni mashua. Na kabla ya kununua hata ubao mmoja, tafuteni katika ukoo wenu mzee aliyewahi kuunda chombo au kukisafiria, mumpe mtoto nambari yake. Mzee huyo msimngoje. Wassalaam.